Kutoka Ramli ya Jirani hadi Kioo cha Televisheni

Utangulizi

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha na kuangalia nguzo za umeme na kuta za stendi, utaona vibao vya waganga. Vinaahidi kumrudisha mume aliyeondoka, kusafisha nyota, kushinda kesi na kuongeza wateja dukani. Mara nyingi karibu na namba ya simu huandikwa pia mahali mganga anakotoka: Sumbawanga, Kigoma, Bagamoyo, Tanga, Handeni. Jina la wilaya yetu limegeuzwa kuwa alama ya biashara.

Sisi tunaoishi na kuhudumu Handeni na Korogwe tunalijua jambo hili, na mara nyingi tunalichekea. Hata hivyo lina historia yake, na historia hiyo inagusa imani ya washarika wetu. Katika miaka ya karibuni watabiri, waganga na manabii wameingia sebuleni kwetu kwa njia ya televisheni, na sasa wako mfukoni kwa njia ya simu. Wazee wengi wa kanisa husema kwamba televisheni ndiyo iliyowaharibu watu, kwamba bila hiyo shauku ya kutafuta mambo ya ghaibu isingekuwepo.

Napenda kuonyesha kuwa sivyo ilivyo. Kiu hii ni ya zamani sana kuliko televisheni. Televisheni haikuileta, ila imemwondoa shahidi. Zamani mganga alipimwa na majirani waliomwona aliyepona na kumzika aliyekufa. Kioo kinatuonyesha aliyepona peke yake. Tusipoelewa tofauti hiyo, mahubiri yetu dhidi ya waganga yatakuwa kelele tu, na washarika wataendelea kwenda usiku.

Mganga aliyejulikana kwao

Wazigua wa Handeni na Wasambaa wa milima iliyo juu ya Korogwe walikuwa na waganga, waaguzi na matambiko kabla mmisionari yeyote hajafika. Mababu waliokufa walihesabiwa kuwa bado ni sehemu ya ukoo. Mtoto akiugua asipone, mvua ikikawia, au mke akikosa kuzaa, familia ilikwenda kwa mwaguzi kuuliza chanzo. Je, ni mzimu uliosahauliwa? Ni kijicho cha jirani? Au ni ugonjwa wa Mungu tu? Swali hilo la mwisho lina uzito. Hata katika desturi ile palikuwa na nafasi ya kusema kwamba ugonjwa huu hauna mtu nyuma yake.

Mwaguzi huyo hakuwa mgeni. Watu waliijua nyumba yake, wakawajua wake zake na watoto wake, wakajua ni mwaka gani yeye mwenyewe alikosa mavuno. Waliopona kwa dawa zake walijulikana kwa majina. Waliokufa walijulikana vilevile, kwa sababu kijiji kizima kilihudhuria mazishi yao. Sisemi haya ili kuusifu utaratibu ule. Uliwafunga watu kwa hofu, ukawatia hatiani vikongwe wasio na kosa, ukavunja undugu. Nasema tu kwamba palikuwa na mashahidi, na sifa ya mganga haikuweza kwenda mbali sana na kazi yake.

Hata watawala walipimwa hivyo. Ukoo wa Wakilindi, uliotawala Usambaa kutoka Vuga, ulihesabiwa kuwa na nguvu juu ya mvua. Habari zao ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kinachosimulia jinsi Mbegha, mwindaji mwenye dawa kutoka nchi ya Nguu, alivyopokewa milimani na kufanywa mtawala. Lakini Wasambaa walitofautisha mfalme anayeiponya nchi na mfalme anayeidhuru. Ukame ulipokuja, lawama zilifika hadi Vuga. Aliyedai kuleta mvua aliulizwa mvua iko wapi.

Kisha ikaja reli. Kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mashamba ya mkonge yakaenea, na manamba wakaletwa kufanya kazi kutoka pembe za mbali za nchi, hata kutoka nje ya mipaka. Kila kundi lilikuja na ngoma zake na dawa zake. Korogwe ikawa mahali ambapo mtu aliweza kwenda kwa mganga asiyemjua, ambaye naye hamjui. Hapo ndipo umbali ulipoanza kuwa sifa. Mganga wa kijijini udhaifu wake unaonekana, na wahenga walisema mganga hajigangi. Mganga wa mbali hana udhaifu, kwa sababu hatujaishi naye. Hata Bwana wetu, alipokwenda Nazareti, aliona jinsi mtu anayejulikana kwao anavyonyimwa heshima (Mk. 6:1-6).

Sifa iliyotembea kwa miguu

Tusidhani kwamba kabla ya redio na televisheni habari za waganga hazikufika mbali. Historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa kuliko yote. Mwaka 1904, huko Ngarambe katika nchi ya kusini, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuingiwa na roho aliyeitwa Hongo. Alitoa maji yaliyoaminiwa kumkinga mtu na risasi za Wajerumani. Hapakuwa na gazeti wala redio iliyomtangaza. Habari zilienda kwa kunong'onezana, mtu kwa mtu, kijiji kwa kijiji, na watu wakamiminika Ngarambe kama mahujaji. Vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905, imani hiyo ilikuwa imewaunganisha watu wa makabila mengi. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Maelfu kwa maelfu walikufa, kwanza kwa risasi, kisha kwa njaa.

Mfano mwingine ni wa ushairi. Hasani bin Ismail alitunga Swifa ya Nguvumali, shairi refu linalomsimulia mganga Nguvumali aliyeitwa kufichua wauaji. Lilichapwa kuwa kitabu mwaka 1968. Hapo mganga ametoka katika kijiji chake na kuwa mhusika wa hadithi inayosomwa na watu ambao hawatakutana naye kamwe. Msomaji hawezi kumuuliza jirani yake, maana hana jirani huko. Anayemtegemea ni mshairi.

Kwa hiyo kazi ambayo leo inafanywa na kioo ilianza zamani. Mnong'ono uliifanya, na shairi likaifanya. Tofauti ni mwendo na ukubwa.

Redio, magazeti na televisheni

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Kanisa halikubaki nyuma. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri la Dunia lilianzisha Redio Sauti ya Injili huko Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, mpaka Serikali ya Ethiopia ilipokichukua kituo hicho mwaka 1977. Nalitaja hili ili tukumbuke kwamba sisi wenyewe tulishatambua nguvu ya sauti inayosafiri hewani. Hatuwezi kuilaumu mitambo.

Televisheni ilichelewa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi. Vituo binafsi huishi kwa matangazo, na matangazo hufuata watazamaji. Mambo ya ghaibu huvuta watazamaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vibanda vya video vya miji kama Korogwe na Handeni vilionyesha filamu za Nigeria zenye wachawi na wachungaji wanaopambana nao, na filamu zetu wenyewe zikafuata, kama Nsyuka na Shumileta. Kijana aliyekua akizitazama aliona kila wiki kwamba nyuma ya kila msiba kuna mtu mwenye hila, na kwamba dakika kumi za mwisho zitamfichua. Ule uwezekano wa tatu wa wazee wetu, ugonjwa wa Mungu tu, haukuwemo katika filamu, kwa sababu hauna mwisho wa kusisimua.

Katika kipindi hichohicho hakuna mtabiri aliyejulikana Afrika Mashariki kuliko Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu aliyesomwa magazetini na kuonekana kwenye televisheni. Kuelekea uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba mwana CCM atakayempinga Rais Jakaya Kikwete katika kuwania urais atakufa ghafla. Nchi nzima ililizungumza jambo hilo. Baadaye Rais Kikwete akawa mgombea pekee ndani ya chama chake. Hebu tuutazame utabiri huo kwa utulivu. Hakuna aliyempinga, basi hakuna aliyekufa, na hakuna anayeweza kusema ulikuwa kweli au uongo. Pamoja na hayo, jina la mtabiri lilikua. Mwaguzi wa kijijini angeulizwa matokeo baada ya mavuno. Mtabiri wa magazetini hukumbukwa kwa kuongelewa. Sheikh Yahya alifariki Mei 2011.

Wenzetu wa ng'ambo

Jambo hili si la Waafrika tu, kama wengine wanavyopenda kudhani. Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville jimbo la New York, Marekani, wasichana wawili wa familia ya Fox walisema wanazungumza na roho ya mfu kwa njia ya milio ya kugonga. Magazeti yaliwachukua, watu wakalipa kiingilio kuwaona, na ndani ya miaka michache imani ya kuzungumza na wafu ilikuwa imevuka bahari hadi Uingereza. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alisimama mbele ya umati mjini New York na kuonyesha kwamba milio ile aliitoa kwa vidole vya miguu. Mwaka uliofuata alikanusha ungamo lake. Wafuasi waliendelea kama kawaida. Waliofiwa hawakuwa tayari kunyang'anywa sauti ya wafu wao kwa sababu ya vidole vya mtu mmoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani ilikuwa na kipindi cha televisheni cha John Edward, aliyesema anapokea habari kutoka kwa wafu wa watu waliokaa mbele yake studioni. Kipindi cha namna hiyo hurekodiwa kwa muda mrefu, kisha hukatwa na kuunganishwa kabla ya kurushwa. Mtazamaji huona pale mtabiri alipopatia. Uingereza iliwahi kutunga sheria mwaka 1951 ya kuwaadhibu wanaojifanya kuzungumza na wafu ili kujipatia fedha kwa udanganyifu. Nchi hizo zina hospitali nyingi, vyuo vingi na umeme usiokatika, lakini kiu ni ileile. Elimu peke yake haikuizima, kwa sababu chanzo chake si ujinga. Chanzo chake ni huzuni na hofu.

Samunge, 2011

Sasa natoka ng'ambo na kurudi nyumbani, tena ndani ya Kanisa letu wenyewe. Agosti 2010, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alianza kuwapa wagonjwa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Bei ilikuwa shilingi 500, na kikombe kilikuwa kimoja tu kwa mtu. Alisema dawa hiyo inatibu kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na UKIMWI.

Kwa miezi kadhaa wagonjwa walikuwa wa jirani. Mwanzoni mwa 2011 magazeti, redio na televisheni zilipofika, mambo yalibadilika kwa wiki chache. Mwezi Machi foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Mawaziri na wabunge walikwenda, na kamera ziliwaonyesha wakinywa. Serikali, ambayo mwanzoni ilitaka huduma isimame hadi dawa ichunguzwe, iliishia kupanga utaratibu wa magari na usalama. Mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wasije hadi Aprili mosi, kwa sababu inakadiriwa watu 24,000 walikuwa wakisubiri. Wagonjwa waliotolewa hospitalini na ndugu zao ili wapelekwe Samunge walifia njiani na kwenye foleni.

Korogwe iko kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, hivyo msafara wa kutoka Dar es Salaam na Morogoro ulipita hapa hapa kwetu. Kiu iliyokuwa kwenye televisheni ilikuwa pia barabarani, ikisimama kula na kuendelea. Watu wa Handeni, ambayo vibao vya miji mingine huitaja kuwa chimbuko la uganga, nao walipanga nauli kwenda kutafuta dawa zaidi ya kilometa mia nne kutoka nyumbani. Hakuna ushahidi bora wa nguvu ya umbali.

Ndani ya majuma machache vikombe vingine vikajitokeza Mbeya, Tabora na kwingineko, kila mmoja akisema ameoteshwa. Hayo yasingeweza kutokea kwa mnong'ono. Mnong'ono wa Ngarambe ulichukua miezi kufika mikoa ya jirani, lakini picha ya Samunge ilifika kila mkoa kwa jioni moja.

Kanisa letu lilisema nini? Viongozi wa juu wa KKKT, wakiwemo wa Dayosisi ya Kaskazini Kati, walimtetea hadharani mchungaji huyo kuwa mtu wa Mungu. Baadhi ya viongozi wa makanisa ya kipentekoste walimpinga. Wahudumu wa afya walionya kwamba wenye virusi vya UKIMWI wasiache dawa zao. Wapo walioacha. Kabla mwaka haujaisha umati ulikuwa umepungua sana, kamera zikaondoka, na Mchungaji Mwasapile akaendelea kuishi Samunge hadi alipofariki Julai 2021.

Sina sababu ya kumhukumu mzee huyo. Hakujenga ghorofa kwa shilingi mia tano zile, na walio karibu naye walimheshimu. Jambo linalonisumbua ni jingine. Kamera zilipoondoka, nani alibaki kuwahesabu wagonjwa? Walioonekana wakisema wamepona walionekana siku ileile, au wiki ileile. Mwaka mmoja baadaye, aliyekufa kwa kisukari huko Handeni alizikwa na usharika wake, na mazishi yake hayakurushwa hewani. Shahidi alikuwepo, ila hakuna aliyemwuliza.

Kioo kinaficha nini?

Baada ya Samunge kioo kiliendelea na wengine. Washarika wetu walitazama vituo vya kutoka Lagos, na wapo Watanzania waliofunga safari kwenda huko. Hapa nchini manabii walianza kuwa na vituo vyao wenyewe. Februari mosi 2020, katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta uzima, na miongoni mwao walikuwamo watoto.

Kwa mtazamo wangu, kioo hubadilisha mambo matatu katika kiu hii. Kwanza, huchagua shahidi: anayeshika kipaza sauti ni aliyepona, na asiyepona yuko nyumbani. Pili, hugeuza wingi wa watu kuwa uthibitisho. Mtazamaji husema, watu wote hawa hawawezi kukosea, lisemwalo lipo. Lakini wengi wao nao walikuja kwa kuona wengi. Tatu, hufupisha muda. Ugonjwa unaochukua miaka kumi huonyeshwa ukiisha kwa dakika mbili. Mgonjwa anayemeza vidonge kila siku na kuombewa kila Jumapili huanza kujiuliza kama Mungu wake ni mdogo kuliko yule wa kwenye kioo.

Swali hilo la tatu ndilo lenye hatari kuliko yote. Linamwacha mshirika akiwa na aibu juu ya imani yake ya kawaida.

Maandiko yanatufundisha nini?

Habari ya Sauli na mwanamke wa Endori (1 Sam. 28) husomwa mara nyingi kama onyo tu. Ni onyo kweli, lakini tuisome yote. Sauli mwenyewe ndiye aliyewafukuza wenye pepo wa utambuzi katika nchi. Alikuwa na amri sahihi. Baadaye aliogopa jeshi la Wafilisti, akamwuliza Bwana asijibiwe, na Samweli alikuwa amekufa. Hakuwa na mtu wa kukaa naye usiku ule. Mfa maji haachi kutapatapa. Akajigeuza mavazi, akaenda. Na habari inaishia kwa mwanamke yule kumchinjia ndama na kumwokea mkate, kwa sababu Sauli hakuwa amekula mchana kutwa. Marufuku peke yake haikumzuia mfalme, na haitamzuia mshirika. Hata Serikali yetu imewahi kupiga marufuku matangazo ya waganga katika vyombo vya habari, na vibao bado viko kwenye nguzo.

Torati inatoa pia kipimo. Katika Kumbukumbu la Torati 18, baada ya kukataza ramli na kuwauliza wafu, Mungu anawaagiza watu wangoje waone kama neno la nabii limetimia. Hiyo ni kazi ya watu wanaokaa mahali pamoja na kukumbuka. Katika Matendo 16, Paulo alipomtoa yule kijakazi wa Filipi pepo wa uaguzi, waliokasirika ni mabwana zake, kwa kuwa faida yao ilitoweka. Luka anatufundisha kuuliza nani anapata fedha.

Na Bwana Yesu mwenyewe? Katika Injili ya Marko anamponya mwenye ukoma na kumwagiza asimwambie mtu, ila aende akajionyeshe kwa kuhani (Mk. 1:40-45). Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza ngozi na kuthibitisha kwamba mtu amepona. Yesu alikataa tangazo, akakubali uchunguzi. Yule mtu alipoanza kutangaza, Yesu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi. Kwa maneno mengine, sifa ilimzuia Bwana kufanya kazi yake. Nabii yeyote anayefanya kinyume, anayekimbilia tangazo na kukwepa uchunguzi, hafuati nyayo hizo.

Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu unakitegemea ndicho mungu wake. Vijana wetu wa kipaimara hulijifunza fundisho hilo juu ya Amri ya Kwanza. Kwa kipimo hicho, mtu anaweza kuwa ndani ya kanisa, akatazama nabii wa Kikristo, akashika chupa ya mafuta yenye jina la Yesu, na bado moyo wake ukaitegemea chupa.

Kanisa lifanye nini?

Historia ya hapa kwetu inatupa mfano. Juu milimani, katika wilaya ya Korogwe, iko Lutindi. Wamisionari wa Betheli walianzisha kituo hicho mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Kuanzia 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo, iliyo chini ya Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki, inaendelea hadi leo. Fikirini ni wagonjwa gani hao. Ni wale ambao ndugu zao walisema wamepagawa, wamerogwa, wana majini. Wengi huwa wameshapitishwa kwa waganga kabla ya kufika. Lutindi huwapa dawa, kazi ya mikono, shamba, ibada na watu wa kukaa nao. Wengine hurudi nyumbani wakiwa wazima, wengine hurudi tena hospitalini, wengine hukaa sana. Kazi hiyo ya zaidi ya karne moja haina dakika mbili za kuonyesha kwenye televisheni. Lakini Lutindi inawajua kwa majina wote, waliopona na wasiopona.

Hivyo ndivyo usharika unavyopaswa kuwa. Napendekeza mambo machache kwa jumuiya zetu. Mshirika akisema anakwenda kwa nabii au mganga, tusianze kwa kumtenga katika meza ya Bwana. Tuanze kwa kumwuliza anaogopa nini, na nani anakaa naye usiku. Akirudi na ushuhuda, tuupokee kwa upole, kisha tumtembelee baada ya mwezi, na baada ya mwaka. Mwenye kisukari, presha au virusi vya UKIMWI asindikizwe kliniki na mwanajumuiya kama anavyosindikizwa kwenye maombi. Na katika ibada zetu tutoe nafasi ya ushuhuda kwa yule ambaye hakupona ila hakumwacha Mungu. Kama wanaosimama mbele ni waliopona peke yao, basi na sisi tumekuwa kioo.

Kiu ya watu wa Handeni na Korogwe haitaisha kwa kuzima televisheni. Baba zetu walikuwa nayo bila umeme. Itatulia pale mgonjwa atakapojua kwamba wapo watu wanaomkumbuka kwa jina, watakaomwuliza hali yake wiki ijayo, na watakaokuwepo siku ya kupona na siku ya kuzikwa, wakimtumaini Bwana aliyeshinda mauti. Kazi hiyo Kristo amewapa majirani, na majirani hao ni sisi.